Manyoya ya Kondoo Darini

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta madirisha. Si kwa nje, kwa ndani. Maji yalitiririka kwenye vioo mpaka yakadondoka sakafuni. Nilianzia chumba cha mama mkwe wangu, nikaja sebuleni, nikamalizia jikoni. Taulo nililikamua mara tatu kwenye ndoo. Nikigeuka, dirisha la kwanza limeshaanza kulowa tena.

Jina langu ni Rāwinia. Mimi na mume wangu, Kereama, tunafanya kazi kwenye mabanda ya kunyolea kondoo huku milimani, juu ya Taihape. Yeye ananyoa. Mimi nachambua manyoya mezani, mazuri huku, machafu kule. Nyumba tunayokaa ni ya mama yake, Merepeka. Bonde zima linamwita Kui, kama tunavyowaita bibi wote wenye kuheshimiwa na kuogopwa kidogo. Ni nyumba ya mbao, ya zamani, iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi. Uvunguni mwake mtu anapita kwa kutambaa.

Mimi si mtu wa kutulia. Hata nikikaa, mguu unacheza. Siku zile ndiyo kabisa. Nilikuwa nafua huku nimetega sikio chumbani kwa Kui. Akikohoa mara moja, naacha nguo. Akikohoa mara tatu, nimeshafika mlangoni. Mwaka uliotangulia mapafu yake yalimlaza hospitali ya Whanganui mara mbili, na mara ya pili sote tulidhani hatutarudi naye.

Basi mwezi wa pili, jua likiwa bado linawaka, shemeji yangu Pāora alipiga simu kutoka Auckland. Pāora ni kaka mkubwa wa Kereama. Hazunguki maneno. Alisema ameshaandaa chumba kwake, chumba chenye joto. Alisema atatungoja mpaka Matariki, sikukuu yetu ya mwaka mpya, mwezi wa sita, katikati ya majira ya baridi.

"Ijumaa ya Matariki nakuja na gari," alisema. "Nikimkuta mama bado analala ndani ya friji, naondoka naye."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Kui alisikia kila neno. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha kumenya.

"Niking'olewa hapa," alisema, "mtakuja kunirudisha nimelala."

Mume wake amezikwa kilimani, unaliona kaburi ukiwa jikoni. Kui mwenyewe ndiye anayepaza sauti ya kukaribisha wageni kwenye uwanja wa ukoo, na sauti hiyo hairithiwi kwa siku moja. Kereama akatoka nje akabamiza mlango. Mimi nikaanza kufagia mahali palipofagiwa.

Mwezi wa tatu Kereama akaja na jibu lake. Mwaka ule bei ya manyoya ya kondoo, yaani sufu, ilikuwa imeanguka vibaya. Mwenye shamba aliona hata kuyasafirisha ni hasara. Akawaambia wanyoaji wachukue watakacho. Kereama akarudi na marobota kumi na manane nyuma ya lori la rafiki yake Tamati.

"Kondoo analala nje kwenye jalidi na hafi," aliniambia. "Sasa kitu kinachomfaa kondoo hakitamfaa mama yangu?"

Nilikuwa nimechambua manyoya miaka kumi na moja. Nilijua yana mafuta, yana samadi, yana miiba. Lakini nami nilitaka dawa ya haraka, na mtu mwenye haraka haulizi maswali. Nilishika ngazi. Kereama na Tamati walipanda darini wakashindilia sufu kila mahali, mpaka pembeni mwa paa, mpaka juu ya taa, mpaka wakalizungushia bomba la moshi la jikoni. Tamati alishuka amejaa manyoya kichwani. Akasema nyumba sasa imepona, imebaki kulia mee.

Kereama hakuishia hapo. Upepo ulikuwa unapita uvunguni, akauona ndiye adui. Akaziba matundu yote ya pembeni kwa mabati. Palipobaki upenyo akasukumia gunia.

Wiki za kwanza tulijipongeza. Kisha baridi ikaingia, na mambo yakaharibika mbele ya macho yetu. Nyumba ikaanza kunuka banda. Nondo walitoka darini wakatua kwenye makoti ya Kui. Mabaka ya njano yakachora dari. Kuvu jeusi likapanda nyuma ya kitanda chake, nikalisugua, likarudi. Kuwasha hita ya gesi kulizidisha maji madirishani. Na Kui alikohoa kuliko mwaka jana.

Kereama alisema sufu haijazoea nyumba. Nilimwambia nyumba si kiatu. Tulikosana siku mbili.

Nesi wa shirika la afya la ukoo wetu alikuja Jumatatu, kama ilivyo kawaida yake kila mwezi. Alimsikiliza Kui kifua. Akatazama kipimajoto alichokuwa amekitundika ukutani mwezi uliopita. Kilionyesha nyuzi kumi. Alisema chumba cha mgonjwa wa mapafu kisishuke chini ya kumi na nane, na kwamba dawa anazompa zinapigana na nyumba, na nyumba inashinda. Akapiga simu kwa wenzake wanaorekebisha nyumba.

Alhamisi akaja Siniva. Ni mama wa Kisamoa, mpana wa mabega, na ovaroli yake imechakaa magotini. Zilikuwa zimebaki siku nane Pāora afike. Nilimwambia hivyo kabla hata ya salamu. Nilitaka apande darini mara moja, nikamwonyesha ngazi.

Yeye akauliza, "Mlango wa uvunguni uko wapi?"

Alisimama mbele ya mabati ya Kereama akayagonga kwa kidole.

"Kaka, haya umeyaweka wewe?"

"Mimi. Upepo ulikuwa unapita chini."

"Ulitakiwa upite."

Akalala kifudifudi akaingia. Sikuweza kungoja nje, nikatambaa nyuma yake. Alimulika tochi. Udongo uling'aa kwa maji. Chini ya mbao za sakafu, hasa chini ya chumba cha Kui, matone yalining'inia mstari hadi mstari. Siniva akanishika mkono akaubandika kwenye mbao. Zilikuwa mbichi, laini, nusura kucha izame.

"Ardhi inatoa maji kila siku," alisema. "Huyaoni, yanapanda kama mvuke. Zamani upepo ulikuwa unayachukua. Mmeufungia njia. Sasa yaende wapi, dada? Yanapanda. Yanapita kwenye sakafu, kwenye godoro la mama, yanagota kwenye vioo. Wewe asubuhi unafuta ardhi."

Miezi yote ile nilikuwa nafuta ardhi. Niliona hasira, kisha nikaona aibu, tena nikiwa nimelala kwenye tope.

Tulipotoka, Siniva akamwambia Kereama akazime umeme wa nyumba nzima. Hakuna kupanda darini umeme ukiwa unapita, alisema. Wakavaa barakoa wakapanda wote wawili. Mimi nilibaki chini nikihesabu hatua zao. Muda si mrefu Siniva alinyoosha mkono nje ya tundu la dari, akanipa bonge la sufu. Lilikuwa limelowa upande mmoja, na ndani yake mabuu ya nondo yalijipindapinda. Akanyoosha tena, akanipa bonge la pili. Hili lilikuwa kavu na kahawia, limeungua pembeni.

"Hilo limetoka kwenye bomba la moshi," alisema. "Mngechelewa kidogo, habari yenu ningeisikia redioni."

Kereama alishuka, akaketi kwenye ngazi ya mlangoni, mikono yake mikubwa imening'inia. Siniva hakumcheka. Alikaa ngazi ya chini yake.

Kereama akamwambia sufu imemlisha tangu ana miaka kumi na sita. Akarudia neno lake la kondoo na jalidi.

"Kondoo ana moto wake ndani," Siniva alisema. "Anatembea, anajikung'uta, jua linamkausha. Dari limelala tu. Halafu sikiliza, kaka. Kinachozuia baridi si manyoya. Ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya. Ukishindilia, hewa imetoka. Ikilowa, hewa imetoka. Hapo umebaki na uchafu."

"Kwa hiyo sufu ni mbaya."

"Sufu ni nzuri sana. Ya kwako ni chafu."

Kui, aliyekuwa amesimama mlangoni na blanketi mabegani, alicheka mpaka akakohoa.

Tukaingia jikoni. Siniva akaweka mezani vipande vitatu, kila kimoja kinene kama godoro la mtoto. Cha kwanza kilikuwa sufu ya kiwandani. Imeoshwa mafuta yote, alisema, imetiwa dawa nondo wasiile, imefumwa isilale chini baada ya mwaka. Cha pili kilikuwa poliesta, nyuzi za plastiki, laini, hakiwashi. Cha tatu kilikuwa sufu ya kioo, nyuzi nyembamba zilizotengenezwa kwa kioo kilichoyeyushwa.

Kui akakisogeza kile cha tatu kwa ncha ya kijiko. Aliuliza kama kioo hicho hakitamwangukia mapafuni akiwa amelala. Siniva alisema hilo ni swali la maana. Wakati wa kukitandika kinawasha, ndiyo maana fundi huvaa glovu na barakoa, na wenye nyumba hutoka. Kikishakaa juu ya dari lisilo na matundu, na hakuna anayekichokoa, hakimfuati mtu kitandani.

Kereama akataja karatasi inayong'aa kama ya kufungia chakula. Aliiona kwa mjomba wake, imepigiliwa pini uvunguni. Siniva akatikisa kichwa. Pini ya chuma ikigusa waya wa umeme, alisema, karatasi nzima inakuwa na umeme, na watu wamekufa. Siku hizi hairuhusiwi kabisa kuipigilia.

"Kipi kinachopasha zaidi?" niliuliza. Mguu wangu ulikuwa unagonga meza.

Siniva akatuonyesha lebo za mifuko. Kila mfuko una herufi R na namba mbele yake. Namba ikiwa kubwa, baridi inazuiliwa zaidi. Namba zikilingana, joto limelingana, iwe sufu, iwe poliesta, iwe kioo. Kwa hiyo mtu asome namba kwanza, asisome sifa. Halafu aangalie mahali. Uvunguni kuna upepo na panya, panataka kitu kisichonyonya maji na kinachoshikika vizuri kati ya boriti. Pale atatumia poliesta. Darini chochote kati ya vile vitatu kinafaa, bora kiwe kinene, kisishindiliwe, kisiache pengo, na kikae mbali na bomba la moshi na taa.

"Basi darini weka sufu," Kereama alisema upesi. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza siku ile.

Siniva alikuna kidevu. Sufu ya kiwandani lazima iagizwe. Ni wiki nne. Ya kioo anayo ghalani, Jumanne anaweza kuileta.

Wiki nne. Pāora alikuwa anakuja Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Kereama akainuka akatoka. Nilimwona dirishani akizunguka uwanja, kwenda na kurudi, akipiga teke mawe. Ndugu yangu, mtu asiyejua kazi yetu ataona ni kiburi tu. Lakini huyu amevunjika mgongo kwa sufu. Ameiona ikidharauliwa mnadani. Kutia kioo kwenye nyumba ya mama yake, huku sufu imejaa mabandani, aliona ni kuitukana mikono yake mwenyewe. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kutoka nimkamate shati nimwambie siku zinakwisha.

Kui alinitangulia. Alitoka na blanketi lake, akasimama katikati ya njia anayozungukia mwanawe.

"Kereama," alisema. "Mimi sikukuomba sufu. Nilikuomba nisihame."

Akarudi ndani. Kereama akamfuata ndani, akamwambia Siniva alete ya kioo.

Siku zilizofuata hatukupumua. Mabati yaliondolewa, matundu yakafunguliwa. Kereama aliishusha sufu yake mwenyewe, robota baada ya robota, barakoa usoni. Hakukubali kusaidiwa. Tuliitandaza chini ya miti ya matofaa, maana kwenye udongo inaoza vizuri na kulisha mizizi. Jumanne Siniva akaja na wenzake wawili. Walitandika karatasi nzito nyeusi ya plastiki juu ya udongo wote wa uvunguni, wakaipandisha kidogo kwenye nguzo na kuibandika. Ile ndiyo inayofunga mvuke chini. Kisha wakapachika poliesta kati ya boriti za sakafu, ikabana bila kuning'inia. Jumatano wakatandika kioo darini, wameacha nafasi kuzunguka bomba la moshi na kila taa.

Siniva hakuondoka bila kutusomea masharti. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa nje ikaenda stoo, kwa sababu gesi ikiungua inatoa maji. Jiko la kuni likabaki. Nguo nisianike ndani, nianike barazani. Sufuria zifunikwe. Na madirisha yafunguliwe dakika kumi asubuhi na kumi jioni, hata kama kuna jalidi nje. Hilo la mwisho nilimbishia. Aliniambia hewa kavu ya baridi inapashwa upesi kuliko hewa mbichi, nijaribu kabla ya kubisha.

Ijumaa adhuhuri Pāora akafika. Alikuwa ameleta mto na mablanketi nyuma ya gari. Aliingia chumbani kwa mama yake na koti lake zito, akakaa kwenye kiti. Sisi tulijifanya tuna kazi jikoni. Kikapita kikombe cha chai. Akafungua vifungo. Kikapita kikombe cha pili. Akavua koti.

Lakini Pāora ni mwana wa Kui, hashindwi kwa koti. Alisema siku moja si ushahidi, na baridi kali haijaja. Alisema mwaka jana pia walimwambia mama ana nafuu.

"Basi tuwekeane sharti," Kui alisema. "Nikilazwa hata mara moja kabla ya mwezi wa tisa, naingia kwenye gari lako mwenyewe. Sitasubiri unibebe."

Nilitamani angeuma ulimi. Pāora alikubali. Jumatatu akaondoka peke yake na mto wake.

Mnafikiri nilitulia? Mwezi wa saba theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Nilikagua kipimajoto kila nikipita, na nilipita mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kilisimama kumi na nane, kumi na tisa. Madirisha asubuhi yalikuwa makavu, nami nikabaki na taulo mkononi sijui nilipeleke wapi. Siku moja Kui alikohoa mfululizo, nikakimbia nikaanza kumpakia nguo za hospitali. Alinikuta nimejaza nusu ya mkoba. Kumbe alikuwa ameunguza mkate na moshi umemkaba. Alinisema mpaka jioni. Mwezi wa nane kuvu halikurudi. Kereama alianza kupiga mluzi akinoa vyuma vyake vya kunyolea, na alipomsikia Tamati akiomba marobota kwa ajili ya dari lake, alimketisha akamsomea habari za namba ya R kama mchungaji.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa nesi akaja kumpima Kui. Nilimpeleka chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, Kui hayupo. Jikoni hayupo. Chooni hayupo. Nilitoka nje mbio, nesi nyuma yangu, nikiita.

Tukasikia sauti kutoka kwa jirani yetu, Ngāwini, mama mwenye watoto wadogo. Tukapita uzio. Kui alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, kichwa na mabega viko uvunguni mwa nyumba ya Ngāwini, miguu nje. Tochi ilikuwa inamulikamulika huko ndani. Mume wa Ngāwini alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Umeziba kila tundu," Kui alikuwa anafoka. "Hawa ni watoto au viazi? Unataka kuwapika kwa mvuke? Shika hilo bati ung'oe, usinitumbulie macho. Na hilo gunia pia. Ng'oa."

Nesi alikuwa ameshatoa kifaa chake cha kusikilizia kifua. Aliniuliza kama yule ndiye mgonjwa. Nikamwambia ndiye. Akakitazama kifaa, akakirudisha mfukoni.

Mimi nikapiga simu Auckland. Sikusalimia hata. Nilimwambia Pāora asikilize, kisha nikainyoosha simu kuelekea kwenye ile miguu miwili iliyovaa soksi za sufu. Kui alikuwa amefikia habari ya karatasi nyeusi, wapi pa kuipata na nani wa kumwita, na jinsi watu wanavyokuwa wavivu wa kutambaa. Aliongea mfululizo, bila kusimama kuvuta pumzi.

Nilipoirudisha simu sikioni, nilidhani laini imekatika.

"Shemeji," niliita. "Upo?"

"Nipo," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usikate. Mwache amalize."